Mama mkwe ameondoka na intaneti

Wapendwa, intaneti yetu imehamia Batsinda.

Jana mama mkwe alilala kwetu, nikamsifia ruta yetu mpya ya intaneti: haina waya, haitaki fundi, unaichomeka popote inashika.

Alinisikiliza vizuri mno.

Leo niko chumbani kwenye mkutano na bosi, picha yake ikaganda. Nikakimbilia sebuleni: ruta hakuna, mama mkwe hakuna!

Baadaye akanipigia video kutoka kwake Batsinda, sura inang'aa: "Mkwe wangu, ulisema kweli! Hata huku inashika!"

Nani atamwambia mama mkwe airudishe? Wewe?

Nimepanda pikipiki na kompyuta yangu hadi kwake.

"Umekuja kunisalimia?"

"Ndiyo, mama."

Bosi sasa ananisikia vizuri sana.

Nyie wenye intaneti ya waya, mama wakwe wenu wakija huondoka na nini?