Mulamula Niliopanda Mjini

Magoti yangu hayakuumbwa kwa kulima bustani ya umma. Hata hivyo kila Jumamosi nilitoka nayo Kitendaguro, nikashuka kwenye bodaboda na jembe langu katikati ya mji, mbele ya kile kilichowahi kuitwa bustani. Kilikuwa magugu, chupa za plastiki na harufu ya mikojo. Tulianza wanawake wengi wa jumuiya. Halafu huyu akapata msiba, yule harusi, mwingine mgongo. Nadhani walifikiri mgongo wangu mimi ni wa chuma. Kufikia mwezi wa pili wa kazi nilikuwa peke yangu.

Nilitaka kitu kimoja tu: anayekuja mjini kuuza ndizi apate pa kukaa kivulini bila kulazimishwa kununua soda. Mama yangu alikuja na ndizi kutoka Kashozi miaka yote ya utoto wangu. Akichoka alikaa kwenye baraza za maduka, na alifukuzwa kwa ufagio mbele yangu. Hilo halijawahi kunitoka.

Afisa aliyekuwa na eneo lile mikononi mwake aliniambia kwa adabu zote kwamba mvua zikiisha angekuja kutazama. Asipokuta watu wanaitumia, pangekuwa maegesho ya magari. Hakuwa mtu mbaya. Alisema bustani isiyo na watu ni pori lililonyolewa tu.

Nilipomaliza kulima nikatafuta cha kuizungushia. Maua ya kununua ni ghali, na mbuzi wa mjini hawana adabu. Nikaenda Muleba kwenye kibanja cha migomba alichoniachia marehemu mume wangu, nikakata mulamula mzigo mzima, nikaupanda pembeni kwa mstari ulionyooka. Mulamula haufi, hata uuchomeke vipi. Kwetu ndio mti wa mpaka: ukiuona umesimama, ujue huku ni kwa fulani na kule ni kwa fulani. Nalijua hilo tangu sijaota meno. Lakini nilisema mji ni mji, nani atatazama mipaka mjini?

Ukashika. Na watu wakaacha kupita hata pale walipokuwa wakikata njia zamani. Mabenchi niliyomsumbua fundi mpaka akayatengeneza yalikaa matupu. Wenye ndizi walikaa ng'ambo ya barabara, juani, wakinitazama ninavyoinama. Nilikasirika sana. Shukrani ya punda ni mateke, nikauambia ule mulamula, maana hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

Mvua zilipokaribia kwisha nikavuka barabara kwa bibi mmoja anayeuza kahawa ya kutafuna, nikamlalamikia kwamba wananidharau. Akanishangaa.

"Mwanangu, tutaingiaje kwenye kibanja cha mtu? Mulamula si huo umepandwa?"

Kumbe walikwisha kuelewana kwamba tajiri fulani amenunua pale, nami ni kibarua wake. Walikuwa wananihurumia, mwanamke wa umri wangu kufanyishwa kazi vile.

Nikawaomba vijana wa bodaboda waning'olee. Wakakataa wote. Mmoja alisema hata alipwe nini, mpaka wa mtu hagusi. Sikuwalaumu. Mume wangu alipokufa, shemeji yangu alisogeza mulamula wa upande wa chini, hatua moja leo, hatua moja msimu ujao. Nilimwita mwizi mbele ya ukoo, na hadi leo sikanyagi kwake. Sasa nilikuwa nimepiga magoti mjini, mchana kweupe, nang'oa mulamula mmoja baada ya mwingine, na ng'ambo ya barabara wote wananitazama. Niliona aibu. Nikalia, na nikaendelea kung'oa mpaka ukaisha.

Siku mbili tatu hakuingia mtu. Kisha akaingia mwenye mikungu miwili ya ndizi, akakaa ukingoni mwa benchi kama mgeni. Afisa alipokuja alikuta mama ananyonyesha, wazee wanabishana, na ndizi zimelazwa kwenye nyasi. Akatikisa kichwa kukubali, akasema maegesho yatatafutiwa mahali pengine. Nilipaswa kushangilia. Nilitaka kukaa tu.

Nikakaa karibu na yule bibi wa kahawa. Akanimegea punje chache, akauliza sasa hapa ni kwa nani. Nikamwambia hapana mwenyewe, ni petu sote. Alitafuna taratibu huku akitazama magugu yaliyokwisha kuanza kuchomoza kwenye matuta.

"Petu sote," alisema. "Basi kupalilia kutabaki kwako."

Nilitaka kumbishia, lakini nilikuwa nimechoka mno.