Nondo ya Ukutani

Mambo yote yaliharibiwa na neno moja. Nyumbani kwetu Nyakasimbi yule mdudu aliitwa dudu tu, na mume wangu alizoea kuongeza "lako", dudu lako, kwa sauti ya mtu anayevumilia. Nilikuwa nikimpiga picha kwa simu tangu akiwa yai chini ya jani la mpera, kisha kiwavi mnene wa kijani. Wenzake waliliwa na kuku. Yeye alipanda ukuta wa jikoni kwa nje, akajifunga kifuko chake karibu na dirisha. Ilibaki picha moja tu, ya kipepeo wa usiku akishatoka, na niliitaka picha hiyo kuliko nilivyotaka chumba kipya.

Chumba kipya ndicho kilichowaleta mafundi. Siku walipokuja nilikuwa Ihanda kwa dada yangu, kwenye sherehe ya kipaimara cha mwanawe. Mume wangu akanipigia kusema wameamua kuanza kwa kukwangua ukuta wa jikoni. Mbele ya wageni niliona haya kusema dudu, nikatumia jina la vitabuni.

"Baba watoto, nondo ya ukutani isiguswe."

"Ondoa wasiwasi," alisema. "Naiingiza ndani sasa hivi. Hapo nje wataiiba."

Nani aibe mdudu? Simu ikakatika, na ndipo nikakumbuka nondo za chuma, za lenta ya juu ya madirisha, zilizokatwa tayari na kuegemezwa ukuta uleule. Nikapiga tena, hapatikani. Niliacha ndizi kwenye sahani, nikapanda bodaboda, nikawa napiga njia nzima hadi simu ikaisha chaji. Dereva, kwa jinsi nilivyomhimiza, aliniuliza kama nina mgonjwa. Nikamjibu ndiyo, maana ningemweleza nini?

Nilikuta ukuta umekwanguliwa mpaka matofali. Kifuko nilikiokota kwenye kifusi, kimetoboka, kitupu. Mume wangu akatoka akijisifu kwamba nondo zote ziko chumbani, salama. Kwa hasira niliyokuwa nayo, hata shikamoo ya fundi sikuiitikia. Nikamwambia mume wangu kwamba nondo ni yule mdudu. Alinitazama, akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kununa.

"Mama watoto," akaita taratibu. "Njoo. Usikanyage kwa nguvu."

Vyuma vilikuwa vimeegemezwa kando ya kitanda. Kwenye kimoja, karibu na ncha, alining'inia mdudu wangu, mabawa mabichi, yamekunjamana. Bila shaka alitoka kabla hawajaanza kukwangua, akapanda chuma kilichokuwa jirani, akabebwa nacho. Simu yangu ilikuwa imezima, ya mume wangu ni kitochi kisicho na kamera. Nilitaka kulia. Mume wangu akaketi sakafuni, nami nikaketi, tukayatazama mabawa yakijinyoosha polepole, ya kahawia, yenye madoa kama macho.

Nje fundi akaita, anaomba nondo.

"Subiri," mume wangu akamjibu. "Haijakauka."