Kichwa cha Obadiah

Nyakerario wa Manga hakuwahi kujiita mwongoza watalii. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mchuma chai, ila njia ya kushuka kwenye maporomoko ilipita katikati ya shamba lake, na mgeni akipita kwako humwachi ateleze. Basi kila Jumapili aliweka kikapu chini akawatangulia.

Siku moja mwalimu alileta wanafunzi arobaini. Akaonyesha jiwe kubwa la mviringo chini ya maporomoko ya maji, laini, linalong'aa.

"Mama, lile linaitwaje?"

Halikuwa na jina. Tangu aolewe pale lilikuwa jiwe tu. Lakini kalamu arobaini zilikuwa zinamngoja, na Nyakerario akaona aibu.

"Kichwa cha Obadiah," akasema.

Obadiah alikuwa shemeji yake, mzee wa kanisa la Sabato, mwenye kipara kisichofichika. Jina lilimtoka tu. Watoto wakaandika. Muhula uliofuata wakarudi na kibao cha mbao, zawadi yao, wakakisimika karibu na jiwe: KICHWA CHA OBADIAH.

Habari zilimfikia mwenyewe. Jumapili hiyo alishuka kwenye boda boda, kofia ameikaza hadi masikioni.

"Shemeji, nimekukosea nini?"

"Si wewe. Ni Obadiah wa kwenye Biblia."

"Na huyo wa Biblia alikuwa na kipara?"

Nyakerario akatazama majani ya chai. Mzee akadai aonyeshwe. Wakashuka, yeye akishikilia vichaka na kunung'unika, mpaka manyunyu yakamlowesha akavua kofia ajifute uso. Hapo wakatokea bwana na bibi kutoka Kisii mjini. Wakasoma kibao, wakatazama jiwe, wakamtazama yeye.

"Ni wewe mwenyewe?" bibi akauliza kwa heshima kubwa.

Nyakerario akafumba macho.

"Ndiyo mimi," Obadiah akasema, akajinyoosha. "Mnataka picha?"

Walipiga saba. Wakati wa kupanda, mzee akasema kibao kina kosa: kimesahau neno Mzee. Kesho yake aliliongeza mwenyewe kwa rangi.

Sabato iliyofuata, baada ya ibada, mke wa Obadiah, Celestine mama Jasper, alimvuta Nyakerario kando.

"Na mimi umenipa nini?"

Vilivyobaki bila jina vilikuwa viwili: pango la popo, na maporomoko yenyewe, yanayonguruma mchana kutwa bila kupumzika.

"Nipe wiki moja, mama Jasper," Nyakerario akasema. "Hilo linataka maombi."