Kompyuta Isiyojua Mama Yupi

Kaka yangu alisema mbele ya mjomba wetu kwamba hiyo karatasi ninayoitaja haipo, na kama iliwahi kuwepo basi ilishakufa na kompyuta yangu. Alisema hivyo akiwa sebuleni kwangu Mafiga, anakunywa chai yangu. Mjomba, mdogo wake marehemu mama, ndiye mkuu wa ukoo tangu mjomba mkubwa afariki. Akatuangalia sote wawili, kisha akasema kikao ni Jumamosi ya wiki ijayo, nyumbani kwake mlimani; mwenye karatasi aje na karatasi, asiye nayo aje na adabu. Nilijua kabisa ni nani anayeambiwa habari ya adabu.

Mama alikuwa na shamba juu ya Bigwa, la karoti na njegere. Kwetu Waluguru ardhi ni ya upande wa mama. Mwanamume wa ukoo analima, anakula, anauza mboga zake, lakini watoto wake ni wa ukoo wa mama yao na hawalirithi shamba. Linabaki kwa dada zake na kwa mabinti wa dada zake. Kaka analijua hilo tangu utotoni. Lakini hata matanga ya mama hatujamaliza, akapanda mlimani na bwana mmoja kutoka Dar mwenye tepu ya kupimia, anayetaka kujenga nyumba ya wageni mahali pa kuuona mji wote kwa chini. Kaka akadai mama alimpa shamba kwa mdomo. Mimi nikasema mama alisema kwa karatasi, na aliyeichapa ni mimi.

Nina duka la steshenari. Nachapa barua, mikataba, wosia, mihtasari ya vikao, natoa kopi, naskani. Miaka kadhaa kabla ya kifo chake mama aliteremka mjini na mjomba mkubwa, wakakaa kwenye viti vya wateja, yeye akasema na mimi nikachapa. Wakaweka dole gumba wote wawili, nikaskani. Karatasi yao ilikaa kwenye sanduku la mjomba mkubwa mpaka mchwa wakaila, wakala na sanduku. Nakala iliyobaki ilikuwa kwenye kompyuta yangu, na sikuwa na wasiwasi wowote, mpaka nilipokaa kuitafuta.

Tatizo lilikuwa jina la faili. Sikulelewa kumtaja mtu mzima kwa jina lake kavu. Mteja akiwa mwanamke wa makamo namwita mama, na faili lake nililiandika Mama. Aliyefuata akawa Mama 2. Halafu Mama wa mboga, Mama mpya, Mama mpya kabisa. Wanaume wakawa Mzee, Babu, Baba wa Ngerengere. Watu walinisifia adabu, na mimi nikavimba kichwa. Siku hiyo niliandika neno Mama kwenye kisanduku cha kutafutia, nikaletewa mafaili mia nne na ushee. Mama yangu alikuwa mmoja wao, maana na yeye nilimwandika Mama na namba tu, kama wengine. Ningemwandikaje mimi?

Mteja wangu wa siku nyingi, mwalimu wa chuo, ndiye aliyenielekeza miaka ya nyuma kuihamishia mashine yangu kwenye mfumo wa Linux, baada ya flashi za wateja kuniletea virusi vilivyogeuza kila folda kuwa shotikati. Kazi yenyewe niliifanya kwa mikono yangu, yeye akinisomea hatua kwenye simu. Sasa nilipomweleza shida yangu akaniambia, "Dada yangu, usijitese. Pandisha vyote mtandaoni. Kuna huduma zinakusomea kila faili, unauliza kama unavyomuuliza mtu."

Nikamuuliza kama anakumbuka barua niliyomchapia yeye mwenyewe mwaka aliogombana na mke wake.

"Nakumbuka."

"Na yenyewe nipandishe?"

Hakulirudia tena suala hilo. Watu wa Mafiga, na wa milimani wanaoteremka na vikapu, wameniachia talaka zao, majibu yao ya hospitali, maombi ya kazi waliyokataliwa. Hawakunipa ruhusa ya kuvituma kwenye mashine ya mtu nisiyemjua, katika nchi nisiyoijua, eti kwa sababu mimi nimeshindwa kuyapa mafaili majina. Upumbavu ulikuwa wangu na dawa yake ingepatikana humo humo dukani. Kaka aliposikia nahangaika alicheka, akasema ataninunulia laptopu mpya shamba likiuzwa.

Nikaanza kutafuta programu. Ile iliyokuja na mfumo wenyewe ilikuwa na mbio za ajabu. Kabla hujamaliza kuandika neno imeshakuletea orodha. Lakini ilitazama majina tu, haifungui faili kuona ndani mna nini. Kwa mtu mwenye adabu ya kijinga kama yangu haikuwa na faida. Nikaitoa.

Ya pili ilisifiwa sana mtandaoni. Inajenga faharasa ya kila neno lililomo ndani ya kila faili, kama ile ya nyuma ya kitabu, na inajenga yenyewe bila kuambiwa. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipoanzia. Ilifanya kazi inapotaka yenyewe. Mashine yangu ni kongwe, na saa nne asubuhi foleni ya kopi inafika barabarani. Feni ikaanza kulia, kipanya kikaganda, na mama mmoja aliyebeba cheti cha kuzaliwa cha mjukuu akaniuliza kwa upole kama turudi kesho. Nikaenda kwenye mipangilio nikaizima. Umeme ulipokatika na kurudi, ikajiwasha. Nikaiondoa kabisa, na mafaili yake yote, kwa amri niliyoiandika herufi moja moja huku nimeuma meno. Sikubali kitu chochote dukani kwangu kinachofanya kazi bila kuniuliza.

Ya tatu ilikuwa na sura mbaya. Vitufe vidogo, rangi ya kijivu, maelezo marefu ya watu wasiopenda kueleza. Lakini iliniuliza. Niisome folda ipi? Niisome saa ngapi? Ilipokutana na mafaili yangu ya zamani isiyoyaelewa haikuyaruka kimyakimya; iliniandikia programu gani ndogo inayopungua, nikaiongeza. Ikaniuliza pia nyaraka zangu ni za lugha gani, ikanipa orodha ndefu ya lugha za Ulaya. Kiswahili hakikuwemo. Nikaondoa tiki kwenye Kiingereza, nikaacha pote patupu, nikaiambia kwa sauti isome maneno kama yalivyo na isijitie kuyajua. Jumapili nilipotoka misa ya kwanza nilifungua duka nusu mlango, nikaiamuru ianze, nikakaa kumenya njegere. Hadi adhuhuri ilikuwa imesoma kila kitu nilichowahi kuchapa, na hakuna hata neno moja lililotoka nje ya mlango wangu. Nikaichagua hiyo, na mpaka leo sijaibadilisha.

Jumatatu nikaanza kumtafuta mama. Kwa jina lake nisingempata, maana majina ya watu na ya vijiji huwa nayaachia mstari wa nukta yajazwe kwa kalamu. Nikaandika lukolo, ndivyo mama alivyouita ukoo kwa Kiluguru. Hakuna kitu. Nikaandika mgunda, yaani shamba, neno alilokuwa nalo mdomoni kutwa. Hakuna. Nikaandika jiwe la kusagia, lile lililopo mpakani. Hakuna pia. Nikaanza kuilaumu programu, nikaisema maneno ambayo mtu aliyetoka misani jana yake hapaswi kusema.

Halafu nikafungua faili moja la mteja wa milimani, basi tu, nione lilivyo. "Mimi niliyetajwa hapo juu, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote." Nikafungua la pili. Mimi niliyetajwa hapo juu. La tatu, la kumi. Wote walikuwa na akili timamu, wote hawakushurutishwa. Bibi aliyeniambia mgunda wake unaishia penye mgomba uliolala, nilimwandika kuwa ana "eneo la kilimo lenye mpaka wa asili". Nilikuwa nimewanyoosha wote kwa pasi moja. Walikuja wakasema kwa vinywa vyao, nikawarudishia kinywa changu, wakanishukuru kwa kuwaandikia vizuri. Niliona aibu, na aibu ikinishika huwa nageuka mkali. Nikafunga duka mapema nikaenda nyumbani bila kumuaga jirani.

Kilichonisaidia ni ugomvi. Jumanne asubuhi, nikiwa natoa kopi, nikakumbuka kwamba siku ile mama aligombana na mimi. Nilikuwa nimeandika "zana za kilimo". Kwa desturi yangu kila jembe lililoingia dukani kwangu lilitoka zana za kilimo. Mama alinitaka nimsomee, akasikia, akasema, "Zana ndiyo nini? Mimi nimesema jembe. Andika jembe." Nikamwambia kwenye nyaraka hatuandiki hivyo. Akaniambia hatoweka dole mpaka niandike. Nikaandika nimenuna. Yaliyobaki katika sentensi hiyo nilikuwa nimeyasahau kabisa.

Nikaandika jembe. Katika maelfu ya mafaili ikaja mistari miwili. Mmoja ulikuwa risiti ya duka la pembejeo. Mwingine ulikuwa faili liitwalo Mama 57, na chini yake programu imeonyesha kipande cha sentensi: "mwanangu wa kiume asinyang'anywe jembe na mtu yeyote, hata na dada yake".

Nilisimama na karatasi za mteja mkononi. Dada yake ni mimi.

Nikalifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wangu mtupu: shamba lisiuzwe, lisigawiwe nje ya ukoo, likae kwa binti yake na kwa mjukuu wake wa kike. Nikashangilia moyoni. Ukurasa wa pili ulisema kwamba mwanawe wa kiume ndiye aliyechimba matuta ya ngazi yote peke yake, kwa hiyo alime mpaka atakapochoka mwenyewe, na asinyang'anywe jembe. Kwenye folda hiyo hiyo, tarehe ile ile, ilikuwepo picha ya skani. Madole yote mawili, la mama na la mjomba mkubwa, yalikuwa ukurasa wa pili, chini ya sentensi hiyo.

Niseme wazi. Sikutaka tu shamba lisiuzwe. Nilitaka kaka atoke. Nilitaka ashuke mlimani na magunia yake, bwana wa tepu akimwona. Mama alipougua miezi saba kaka alikuja kumwona mara mbili, na ya pili alikuja kuuliza hati iko wapi. Nilikuwa nimeshampata mtu wa kulilima. Na hapa mama, ambaye nilimwogesha mimi, alikuwa ananikataza.

Kila mwenye duka kama langu anajua jinsi ya kuondoa mstari. Unakata kikaratasi cheupe, unaziba, unatoa kopi ya kopi, kivuli kinapotea. Wamenijia watu wengi na vyeti vya shule wakitaka niwazibie alama, na nimewatimua wote mbele za watu. Jumatano nilikata kikaratasi. Nilikiweka. Kilienea vizuri sana, mstari mmoja na nusu. Nikakaa nakitazama, na hasira zikanipanda, safari hii juu yangu mwenyewe: niliikatalia dunia nzima isiguse karatasi za watu, halafu nianze na ya mama yangu? Nikakichana vipande vidogo. Nikachapa kurasa zote mbili, nakala tano.

Jumamosi tulikaa uani kwa mjomba, watu kama kumi na watano wa ukoo. Kikao chochote cha ukoo katibu ni mimi, kwa sababu ya mwandiko, kwa hiyo daftari lilikuwa mapajani. Nikamsalimu mjomba, "Shikamoo," akaitikia, akaniambia, "Haya, karatasi." Nilisimama nikasoma. Kwenye ukurasa wa kwanza kaka alianza kukusanya kofia na simu yake, kama mtu anayejua anafukuzwa. Nikageuza ukurasa. Nikalisoma na neno dada kama lilivyo, mpaka mwisho. Kaka akairudisha kofia chini.

Mjomba akashika karatasi, akayatazama madole kwa muda mrefu, la dada yake na la kaka yake. Akasema bwana wa Dar aambiwe hakuna shamba linalouzwa, na mlimaji aliyepo aendelee kulima. Halafu akanigeukia.

"Na wewe mwanangu, umekubali?"

Wote wakanitazama, na kaka pia. Nilikuwa najua jibu linalotakiwa.

"Sijakubali, mjomba," nikasema. "Mama alikosea. Lakini ndivyo alivyosema."

Mtu mmoja nyuma akaguna. Mjomba hakuguna. Akaniambia niandike kwenye muhtasari kwamba kikao kimepitisha maneno ya marehemu, na dada mtu hajakubali. Nikafungua daftari nikaandika yote mawili, kwa maneno aliyoyasema yeye.