Sahani ya Shemeji Kariakoo

Nilitoka Dodoma kwa sababu ya kurithiwa. Mume wangu alipofariki, ukoo uliamua nirithiwe na mdogo wake, Ndahani, kuli wa bandarini Dar es Salaam. Mimi ni Mkristo, naye ana mke tayari. Baba mkwe alisema wazi kwamba nikikataa, wanangu wawili watabaki kwake, isipokuwa Ndahani mwenyewe aniachie. Desturi yetu ni hii: mjane akila chakula cha mrithi, amekubali; mrithi akikila mwenyewe, amemwachia. Shangazi wa marehemu alinisindikiza awe shahidi.

Treni ilipofika Morogoro, mhogo wetu wa kuchoma ukaisha. Ninyi wa nyumbani mlioniagiza niwasimulie milima ya huko, mnisamehe. Nilikuwa nimefumba macho nikisali.

Dar es Salaam tulishuka na jua kali. Tulipita Mnazi Mmoja tukaingia Kariakoo, nyumba za udongo na makuti zimebanana, kila mlangoni pana sufuria motoni. Njaa ilinitafuna.

Jioni tulipiga hodi kwa Ndahani. Mkewe, Mama Mwaja, alileta wali na kuku wa nazi. Ndahani akanisogezea sahani.

“Kula, shemeji. Pole na safari.”

Nilikaribia kumkana Bwana kwa paja la kuku!

“Ahsante, shemeji, ila siwezi. Nimemwahidi Mungu.”

“Na watoto?”

“Nimemkabidhi yeye. Nawe nakuomba uniachie.” Machozi yalinitoka.

“Unanidharau mbele ya mke wangu?”

“Baba Mwaja,” mkewe akadakia, “mbona mimi sijaona dharau?”

Shangazi akajifunika kanga acheke. Ndahani akaitazama sahani mpaka wali ukapoa. Kisha akanawa, akaivuta sahani, akala.

“Kuku mtamu huyu,” alisema. “Umekosa.”

Nilimshukuru Mungu kwa sauti hadi majirani wakachungulia. Bi Zuhura, Mwislamu wa chumba cha pili, akaniletea uji, nami nikaumaliza wote.

Tuliporudi Dodoma, shangazi alitoa ushahidi wake. Baba mkwe akaniuliza, “Na kama asingekila chakula kile?”

“Ningerudi na njaa, baba, nikawalilia wanangu maisha yangu yote. Lakini nisingekila.”

Kabla ya safari sikujua kwamba imani yangu ingefika hapo. Nilidhani ni ya kuimbia kanisani tu. Namshukuru aliyenishika mkono.

Mzee akawageukia wajukuu wake.

“Haya, nendeni kwa mama yenu.”