Manjano kwenye Bega la Mbwa

Asubuhi tatu mfululizo, mbwa aliingia kwa mlango wa nyuma katika nyumba ya mtu ambaye, akimwona mbwa kwa mbali, hubadili njia.

Msinicheke. Haya nimeyapata kwa nyanya yangu Saadia, naye aliyapata kwa babake mwenyewe, Taib Badawi, muuza udi na dawa za miti wa Mji wa Kale. Ni mambo ya 1909.

Taib alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini. Imamu akisafiri, yeye ndiye husalisha. Sasa mtu kama huyo na mbwa wa nini?

Kosa lilikuwa lake. Siku moja mbwa wa Katana, mlinzi wa ghala la mbata, zile nazi kavu, alipenya uani kwa Taib akapita karibu na kanzu iliyoanikwa. Taib akamvurumishia kigae. Alitaka kumtisha tu, kigae kikamchana ngozi begani.

Halikuwa jeraha kubwa. Urefu wa kidole, wala halikuzama ndani. Lakini mbwa hakubweka wala hakukimbia. Alikaa chini akamtazama, na Taib akaona haya.

Akafunga mlango wa mbele. Akachemsha maji, akatia chumvi kidogo, akayaacha yawe vuguvugu. Akapunguza manyoya kwa mkasi, akaosha mchanga wote, akakausha kwa kitambaa safi, kisha akapaka manjano yaliyokorogwa na mafuta ya nazi. Mbwa katulia tuli.

Alipomaliza akanawa mara saba, mara moja kwa udongo, kama alivyosomeshwa chuo cha Kurani. Sheria ya dini ilimwachia njia ya kujitakasa. Ni watu ndio aliowaogopa, wasije wakasema Taib anafuga mbwa.

Kesho yake mbwa akarudi mwenyewe. Siku ya tatu pia. Jeraha likaanza kufunga, na Taib, astaghfirullah, akajikuta anamngoja.

Siku ya nne ikaingia habari ya mbwa mwenye kichaa aliyemng'ata mtu upande wa Mbaraki. Vijana wakashika marungu. Wakamkuta mbwa wa Katana amelala mbele ya ghala, bega la njano.

Mmoja akasema ule ni usaha wa kichaa. Basi, ikawa ndiyo hivyo. Mwenye woga hataki maelezo.

Katana akasimama mbele ya mbwa wake. "Hana kichaa huyu. Hii ni dawa. Kuna mtu amemtibu, na yupo papa hapa mtaani."

Taib alikuwa amesimama pale pale. Wakamgeukia yeye, mjuzi wa dawa. "Shekhe Taib, hii ni dawa?"

Neno moja lingetosha.

"Mimi na mbwa wapi na wapi?" akasema.

Watu wakacheka. Katana akavutwa kando, marungu yakamshukia mbwa.

Jioni ile imamu hakuwepo, Taib akaombwa asalishe. Akasalisha. Alimwambia nyanya kwamba hakukumbuka hata sura aliyosoma.

Asubuhi akamwendea Katana, akamkuta nyuma ya ghala anasawazisha udongo juu ya shimo. Taib akaanza kujieleza.

"Nalijua, bwana," Katana akasema. "Nalimwona akiingia kwako siku zote tatu."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, ungekana. Nami ningempoteza mbwa wangu, kisha niitwe mwongo."

Hakunena kwa hasira. Taib alisema afadhali angemtukana.

Tangu siku hiyo hakusalisha tena. Kila akiombwa alirudi nyuma, na watu wakaona ule ni unyenyekevu wa mcha Mungu. Wakazidi kumheshimu, na kila sifa ilimchoma upya, kwa sababu hakuwahi kuwaambia kweli.

Ndugu yangu, kutenda wema kwa siri si vibaya. Lakini siku wema huo ukitakiwa ushahidi, jibu pale pale unapoulizwa. Taib hakuulizwa mara ya pili.