Misumari ya Mjomba Tobia

Mjomba wangu Tobia, seremala wa Lushoto, alikuwa mkarimu kwa kila kitu isipokuwa ufundi wake. Ungemwomba shati, angevua. Lakini umuulize kiti chake kimeshikaje bila gundi, anakutazama kama umemwomba mke wake. Nami simlaumu. Kitanda cha kukunja alichobuni zamani kiliigwa mpaka Mombo, na hakuna aliyemtaja jina.

Kwa hiyo miaka ile ya Ujamaa, alipounda mashine ya pedali ya kupukuchua mahindi, alitaka hataza: karatasi ya serikali inayosema kitu hiki ni cha Tobia, mwingine asikiunde bila ruhusa yake. Alitaka jina lake tu, jamani.

Ofisi ya hataza ikampa sharti. Aeleze kwa maandishi namna ya kuiunda, fundi mwenzake akisoma aweze kuiunda bila kumuuliza neno. Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Yaani ili asiibiwe, awafundishe wezi? Akaandika yote, hata rangi. Alipofika kwenye misumari ya gogo linalozunguka ndani na kung'oa punje, ambayo ndiyo siri yenyewe, akaandika: ipigiliwe inavyotakiwa.

Siku ya majaribio, uwanjani mbele ya watu, mkaguzi wa ofisi ile alimpa maelezo yale Rubeni, seremala wa Mazinde, mtu mstaarabu kabisa. Mjomba akaketishwa kando, marufuku kusema. Rubeni akaunda, akafika kwenye misumari, akakuna kichwa, akaipigilia wima. Kisha akapanda, akakanyaga.

Mama yangu! Magunzi yakaruka na mahindi yake. Moja likaondoka na kofia ya mkaguzi. Watu wazima wakalala kifudifudi, na Rubeni, masikini, akazidi kukanyaga akidhani kilichopungua ni kasi. Mjomba akainuka pale alipoketishwa. Watu hakuwajali, aliumia kuona mashine yake inadhalilishwa.

"Ilaze, mghoshi!" akapaza sauti. "Ilaze misumari, itazame nyuma, ipishane!"

Rubeni akailaza kwa nyundo. Mahindi yakamiminika kwenye beseni, magunzi yakatoka matupu. Uwanja mzima ukapiga makofi, na Mjomba naye akapiga, mpaka alipomwona mkaguzi anakunja karatasi.

"Mzee Tobia," mkaguzi akasema kwa upole, "tunahesabu ulichoandika siku ya kuomba. Ulichosema leo hakimo."

Hataza ikaishia hapo, na siri ilikuwa imeshasikika na kila mtu.

Msimu ule mashine zile zilijaa vijijini. Watu waliziita Rubeni. Mjomba, mpaka anakufa, alipukuchua mahindi yake kwa vidole.